Pikapu ya Shemeji Haichemshi

Gordon Ondiek hajui kupatana bei. Akiambiwa shati ni mia tano, anatoa mia tano na kusema asante, kana kwamba muuzaji ndiye aliyemsaidia. Nimemjua miaka kumi na mitatu, tangu amwoe Jacinta, mdogo wa mke wangu Beldina, na katika miaka yote hiyo sijamwona hata siku moja akiondoka kwenye kibanda cha mtu hatua tatu ili aitwe arudi. Kwa hesabu zangu, mtu wa namna hiyo angekuwa amefilisika zamani. Lakini Gordon yupo, na ananenepa. Ana nyumba ya matofali Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Ana ng'ombe wawili wa maziwa. Ana pikapu isiyochemsha.

Nyumba namwachia. Ng'ombe namwachia. Shida yangu ni hiyo pikapu.

Mimi nauza milango na madirisha yaliyotumika, pale soko la Kibuye, mjini Kisumu, upande wa maseremala. Nilianzia Obunga nikiokota chupa. Mlango wangu wa kwanza niliununua kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, nikaubeba kichwani mpaka sokoni, nikauuza kabla ya saa sita mchana. Sikuwa na baba wa kunishika mkono wala mjomba ofisini. Nilikuwa na mdomo. Kila nilicho nacho nimekipata kwa kusema "hapana, hiyo ni nyingi," kisha kunyamaza. Wengi wanajua kusema hapana. Kunyamaza hawajui.

Magari tuliyanunua siku moja, mimi na Gordon, miaka minne iliyopita. Kampuni fulani ya ujenzi ilikuwa inafunga kazi na kuuza vitu vyake. Kulikuwa na pikapu mbili nyeupe za dizeli, za mwaka mmoja, zilizobeba kokoto pamoja maisha yao yote, hata mikwaruzo ilifanana. Umri wa kila moja ulikuwa kama wa mtu anayemaliza shule ya upili. Gordon alitajiwa bei, akaitikia, akalipa. Mimi niliondoka mara tatu. Mara ya tatu nilirudi nikainama, nikamwonyesha muuzaji tone la maji lililokuwa likidondoka chini ya injini, nikanyamaza. Akanipunguzia mara ya mwisho. Jioni Jacinta aliposikia nilichotoa, alimtazama mumewe kama mtu anayetazama mfuko uliotoboka. Nilimcheka Gordon wiki nzima.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, gari langu likaanza kuchemsha.

Mjini halikuwa na neno. Lilikuwa likitoka Kibuye na milango kumi mgongoni, linaenda Nyalenda na kurudi, tulivu kabisa. Lakini ukipita Kisian barabara ya Busia inaanza kupanda kuelekea Maseno, na sindano ya joto inapanda nayo. Nikifika Lela, mvuke unatoka kwenye boneti na wanafunzi wanasimama kutazama. Nilizoea kusimama Otonglo kabla ya kile kilima, kwa mama mmoja anayeitwa Anyango anayeuza maji na soda, ninunue jerikani za njiani. Mwanzoni nilikuwa nashuka na kuagiza. Baadaye akawa anazitoa mwenyewe akiliona gari kwa mbali.

"Okinyi Pi amekuja," aliwaambia wenzake. Pi kwetu ni maji. Jina likanigandia. Lilifika hadi Kibuye, wateja wakawa wananiuliza kama milango yangu nayo inavuja.

"Leo mbili ama tatu, Mzee?" Anyango alikuwa akiuliza.

"Moja."

"Hiyo moja ni ya kwenda. Ya kurudi utatoa wapi?"

"Kurudi ni mteremko."

"Sawa. Shemeji yako amepita sasa hivi na mawe yamejaa mpaka juu. Hata hakusimama kunisalimia. Gari yake haisikii kiu."

Sasa niambie, magari mawili ya mama mmoja, moja linakunywa maji kama ng'ombe na lingine halisikii kiu. Na fundi ni yule yule. Wote tunapeleka kwa Yahya, ana gereji Kaloleni, mtu mpole, haapi wala hapandishi sauti. Katika miaka minne Yahya alizibua rejeta yangu mara tatu. Alibadilisha pampu ya maji, kofia ya rejeta, feni na mkanda wake. Kichwa cha injini kilipelekwa kuchongwa mara mbili. Kila kazi nilipatana naye mpaka akashika kiuno. Gari la Gordon, nijuavyo, lilikwenda pale kubadilishwa oili tu, na Gordon alilipa alichoambiwa, kisha wakanywa chai. Mimi sijawahi kupewa chai kwa Yahya. Nilianza kufikiri kwamba mtu akilipa bila kuuliza, kuna kitu anawekewa ndani ambacho sisi wengine hatuwekewi.

Bado ningevumilia, kama si Beldina.

Mke wangu anauza mchele. Anaununua Ahero, anauza Kibuye, na kila Jumatano anapeleka magunia juu Luanda, sokoni. Nilikuwa nampeleka mimi. Mwaka jana, Jumatano moja ya mvua, tulikwama pale Lela. Mimi niko chini ya boneti na kitambaa kichwani, yeye ameketi juu ya turubai lililofunika mchele, mvuke huku, mvua huku. Akapita Gordon. Akasimama, akashuka, akahamisha magunia sita bila kuulizwa. Halafu akamfungulia Beldina mlango.

"Panda, mke wangu mdogo," akasema. "Huyu mzee wako bado anapika chai."

Beldina akapanda. Na alicheka. Ni kicheko hicho kilichonichoma kuliko ile rejeta.

Naijua mila yetu. Dada wa mke wako ni mke wako wa mdomoni, unamtania hivyo mbele ya mchungaji na hakuna anayeshangaa. Mimi mwenyewe humwita Jacinta chiega, mke wangu, na nikimwita hivyo sioni ubaya wowote. Lakini Gordon akimwita Beldina hivyo, naona ubaya wote.

Kuanzia siku hiyo Jumatano zikawa za Gordon. Nilikuwa Kibuye nikisugua kutu kwenye bawaba, na mke wangu alikuwa ameketi mbele kwenye gari la mwanamume mwingine, safari ya saa nzima, madirisha wazi. Anarudi na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye maganda.

"Umeyapata wapi?"

"Gordon amenunua pale Maseno."

"Kwa bei gani?"

"Kwa bei aliyoambiwa. Mama akafurahi, akamwongezea moja."

Niliyala. Yalikuwa matamu, na hilo nalo likaniudhi. Wiki nyingine aliniambia kiti cha gari la Gordon kimewekwa mto. Mto mwekundu, wa kushonwa, upande wa abiria. Nilimuuliza mto huo ni wa nani. Akasema ni wa anayeketi.

Nilijiambia mimi si mtu wa wivu. Mimi ni mtu wa biashara, na nimenyang'anywa mteja. Lakini mteja akiondoka sijawahi kulala na njaa kwa makusudi ili aone, na Jumatano mbili nilifanya hivyo. Beldina alifunika chakula, akaosha sufuria, akaendelea na mambo yake.

Mwezi wa tano akapata kazi kubwa. Shule moja ya bweni, huko juu karibu na Maseno, ilitaka mchele kila Jumamosi, magunia kumi, muhula mzima. Kulikuwa na sharti moja. Gari linaloingia lazima namba yake iandikwe kwenye kitabu cha lango, na lango lile haliandiki magari ovyo. Jumamosi ya kwanza ndiyo siku ya kuandika.

"Nitaandikisha ya Gordon," Beldina aliniambia Jumamosi jioni, wiki moja kabla, akichagua mawe kwenye mchele. Alisema kama mtu anayetaja saa.

"Mimi ni mume wako."

"Sijasema wewe si mume wangu. Nimesema gari yako si gari."

"Niachie hiyo Jumamosi ya kwanza."

"Ukichemsha na mchele wa shule juu ya gari?"

"Sitachemsha."

Akainua macho. "Baba Adero, umeniambia hivyo mara ngapi?" Mimi sikujibu, nikanyamaza kama ninavyojua. Yeye naye akanyamaza. Mwisho akasema, "Basi, Jumamosi moja. Ikitoa mvuke, hata kidogo, naandika ya Gordon na usiniulize tena."

Kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa tulikwenda kwa Gordon kula. Kutoka kanisani hadi kwake ni mwendo wa dakika tatu kwa gari. Wengine walipoingia ndani mimi nilibaki nje, nikasema napunga upepo, nikainua boneti ya ile pikapu. Nilitaka kuona. Injini ilikuwa na joto, nilisikia mkononi. Lakini ule mpira mkubwa wa juu, unaopeleka maji kwenye rejeta, niliushika na ulikuwa baridi kama soda ya Anyango. Wangu mimi huanza kupata joto hata sijatoka Kibuye. Nikaushika tena kwa mikono miwili.

"Shemeji," Gordon alisema nyuma yangu, "unamkaba nani?"

"Naangalia oili."

"Oili iko upande ule."

"Najua iko wapi."

"Basi njoo ule. Samaki anapoa, na Jacinta amesema hapashi mara mbili."

Nilikula samaki bila kujua ni mbuta au ngege. Nilikuwa nimeona. Kuna kitu ndani ya gari lile kilichokuwa kikipoza maji, na Yahya ndiye aliyekiweka.

Jumatatu nilikuwa Kaloleni kabla hajafungua mlango.

"Yahya, umemwekea Gordon kitu gani?"

"Asubuhi njema, Mzee. Kitu gani?"

"Usinizungushe. Injini yake iko moto na mpira wa juu ni baridi. Hicho kitu nami nakitaka. Taja bei."

Yahya alifuta mikono, ingawa ilikuwa safi bado. Akavuta kiti cha plastiki, akakisogeza kwangu. Hajawahi kunipa kiti.

"Hicho kitu kinaitwa themostati," akasema. "Na hicho kitu, Mzee Okinyi, kilikuwa chako."

Nikakaa.

"Ulipoleta gari mara ya kwanza, mfuniko wake ulikuwa unavuja, matone tu. Nikakwambia tununue gasketi mpya, basi, themostati yenyewe ni nzima. Unakumbuka ulisema nini?"

Sikukumbuka. Yeye alikumbuka neno kwa neno.

"Ulisema gasketi ya nini. Ulisema Kisumu kuna joto, hiyo themostati ni ya nchi za baridi, madereva wote wanaitoa. Ukasema toa, paka gundi, na hicho kichuma nichukue kiwe malipo ya kazi yangu. Nikakwambia gari hii haitaki hivyo. Ukasema, haya, umeanza."

"Nimeanza nini?"

"Si wewe. Mimi. Nimeanza kupandisha bei."

Alinieleza kwa vidole. Maji ya injini yana njia mbili. Moja inakwenda kwenye rejeta kupozwa, nyingine ni ya mkato, inarudi ndani ya injini moja kwa moja. Injini ikiwa bado haijapata moto wa kutosha, themostati inaziba ile ya rejeta, ndiyo maana mpira wa Gordon ulikuwa baridi. Injini ikishika moto, inafungua ya rejeta, na kisahani chake cha chini kinaziba ile ya mkato, maji yote yakapoe. Ukiitoa, hakuna wa kuziba. Tambarare hutajua. Mlimani na mzigo, maji mengi yanapita njia ya mkato, yanazunguka na moto wake.

"Rejeta yako nimeizibua mara tatu," Yahya alisema, "na maji hata hayafiki kwake ya kutosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Tulipopeleka kichwa kuchongwa mara ya kwanza. Ulicheka, ukasema nataka kukuuzia kitu chako mwenyewe. Nikakwambia tena mwaka uliopita. Ukasema nitoe hiyo kwenye hesabu na nipunguze bei ya pampu."

Hapo nilikumbuka. Katika kazi yangu, neno la kwanza la muuzaji ni hodi tu. Hulisikilizi, unangoja la pili. Miaka minne Yahya alikuwa akiniambia ukweli, na mimi nilikuwa nangoja aupunguze.

"Na ya Gordon?"

"Yake ilikwama wiki ile ile. Nikampa yako. Nikamtajia bei, akalipa."

Nimeuza milango iliyooza kwa watu waliosoma. Nimemuuzia mwenye nyumba dirisha lake mwenyewe. Lakini kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuambiwa kwamba kinachompandisha shemeji yangu hadi Maseno, na mke wangu ubavuni mwake kwenye mto mwekundu, ni kichuma nilichokitupa mimi ili nisinunue gasketi, hilo sikuwa nimewahi kununua wala kuuza.

Nilimwambia alete nyingine. Akasema za madukani hapa ni za magari mapya, hazina kile kisahani cha chini, na ya gari letu itaagizwa Nairobi. Itafika Jumatatu ijayo, pengine Jumanne. Mimi nilikuwa na Jumamosi.

"Gordon analeta gari lini kubadilisha oili?"

"Alhamisi."

"Yahya," nikasema polepole, "mtu akifungua injini anaweza kusahau kurudisha kitu."

"Hapana, Mzee," akasema, kisha akanyamaza. Alinyamaza vizuri kuliko mimi. Nikaondoka, na hakuniita.

Siku mbili nilijaribu kutafuta njia nyingine. Nilizunguka maduka yote ya vipuri, nikaona za kila aina, zote zimekatika pale chini, kama alivyosema. Jumatano alasiri nikaendesha mpaka Otonglo. Beldina alikuwa amekwisha kurejeshwa Kibuye na Gordon alikuwa nyumbani, anawakatia ng'ombe majani.

"Karibu shemeji. Leo huna jerikani?"

"Nina biashara."

Nilianza mbali. Nikasema kuna kifaa kidogo cha zamani ndani ya injini yake, si cha maana sana, kimechakaa, na kwamba mimi nipo tayari kumwagizia kipya Nairobi kwa gharama yangu akinipa hicho kikuukuu. Nilikuwa nimepanga kuondoka mara mbili. Gordon aliweka panga chini.

"Ile themostati? Yahya aliniambia zamani ni yako."

"Ulijua?"

"Nilidhani unajua. Mlipatana wenyewe. Kesho napeleka gari, aitoe akuwekee. Yangu itangoja hiyo ya Nairobi, sina safari ya mlimani mpaka Jumatano ijayo."

Hivyo tu. Alirudi kwenye majani yake. Nikamfuata na maneno yangu yote mdomoni.

"Taja bei," nikasema.

"Si umesema utaniagizia mpya?"

"Hiyo ni ya kifaa. Kuna ya usumbufu. Kila kitu kina bei, Gordon."

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwake.

"Basi niambie ulivyofanya siku ile. Siku ya magari."

"Nilivyofanya nini?"

"Ulivyonunua kwa bei ya chini vile. Miaka minne, omera, ndugu yangu. Jacinta hajaniachia. Nikisema chumvi imezidi, ananiambia angalau Okinyi alinunua pikapu kwa bei ya akili. Nikinunua ng'ombe, anauliza kama Okinyi ameiona bei. Kila nikikuona na jerikani zako nafikiri, huyu hata akichemsha, mkewe anamwona mjanja."

Nilisikia raha ya kukuta noti kwenye mfuko wa koti la mitumba. Mtu niliyemwonea wivu mwaka mzima naye alikuwa ananionea mimi, tena kwa gari lile lile lililonifedhehesha. Sikuionyesha.

"Unaondoka," nikamwambia.

"Unaenda wapi?"

"Popote. Hatua tatu. Hugeuki nyuma. Anakuita."

"Na asiponiita?"

"Basi umekosa gari."

"Lakini mimi nilihitaji gari, shemeji."

"Hata mimi. Yeye ndiye hakujua."

Gordon alirudiarudia hayo midomoni kama mtoto anayekariri. Sikumwambia habari ya lile tone la maji. Sikumwambia kwamba bei ya mwisho niliyopunguziwa ilitokana na ule mfuniko wa themostati uliokuwa ukivuja, na kwamba kwa hiyo nililipia kile nilichonunua, si pungufu hata kidogo. Hilo ni langu.

Nilipokuwa naingia kwenye gari nikauliza, kama kitu kilichonijia tu, "Na ule mto?"

"Mto upi?"

"Mwekundu. Wa kiti."

"Wa Jacinta. Mgongo wake unamsumbua." Akanitazama, na nadhani alielewa, maana alicheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka. "Wewe, Okinyi, nenda nyumbani."

Alhamisi Yahya aliifunga ile themostati, na gasketi mpya. Alitaja bei ya kazi. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, nikalipa. Akaleta chai, na nilipokuwa naimaliza nikamwambia walau anipunguzie gasketi. Akapunguza. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, ila chai ilikuwa na sukari kidogo.

Jumamosi tulipakia magunia kumi. Beldina alipanda, akaweka mkoba mapajani. Otonglo alisema simama. Akashuka kwa Anyango, akarudi na jerikani iliyojaa, akaibana katikati ya miguu yake.

"Huniamini," nikasema.

"Nimeinunua na pesa yangu. Endesha."

Tukapita Kisian. Barabara ikaanza kupanda, na mimi nikawa natazama sindano kuliko barabara. Ilipanda mpaka katikati. Ikasimama. Tukafika Ojola, imesimama. Lela ile ile, na wanafunzi wake, wakageuka kutazama na hawakuona kitu, wakaendelea na safari yao. Nilitaka Beldina aseme neno. Alitazama nje.

"Mbona husemi?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye husemi. Gordon huwa anaongea njia nzima."

"Anaongea nini?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe tu?"

"Ng'ombe na Jacinta. Sasa umetulia?"

Langoni mwa shule Beldina alifungua ile jerikani, akanawa mikono na uso, akaosha vumbi lote miguuni, akaiacha tupu. Nilihesabu hiyo kuwa sifa. Askari wa lango akaleta kitabu. Beldina akaandika jina lake, kisha namba ya gari langu, taratibu, herufi kubwa. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa naivuta pumzi ya kushinda nilipoona kalamu haijainuliwa. Akageuza kitabu kidogo, akaandika pembeni, kwenye ukingo, namba ya pili. Naijua ile namba. Inatofautiana na yangu kwa tarakimu moja.

"Mama, nafasi ni ya gari moja," askari akasema.

"Najua, mwanangu. Lakini nikiwa na gari moja, mwenyewe atanipandishia bei. Huyu hapa namjua, nalala naye."

Askari alinitazama, akatazama ukingo wa kitabu, akapiga muhuri.

Tulishuka na gari tupu mpaka Kisian. Yeye ndiye aliyeanza. Kila Ijumaa, alisema, mimi na Gordon tutamtajia bei, naye atachagua. Ile ya Nairobi ikifika magari yote mawili yatakuwa mazima, hakuna sababu ya kumpa mtu mmoja.

"Gordon hajui kupatana."

"Ndiyo. Nitamtajia bei, atasema sawa. Wewe utasema ngapi?"

Nilisimamisha gari kwa Anyango, si kwa maji, ni mazoea tu ya mguu. Anyango alikuwa ameshatoa jerikani mbili. Akaona hakuna mvuke, akazirudisha chini ya meza akiwa amenuna. Nilimtajia Beldina bei yangu. Ilikuwa bei nzuri, ya mume kwa mke, yenye nafasi kidogo ya kushuka.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni nyingi." Akanyamaza.

Kisha akafungua mlango, akashuka na mkoba wake, akaanza kutembea kuelekea upande wa nyumba ya matofali ya Gordon. Hakugeuka nyuma. Nilihesabu. Moja. Mbili. Hata ya tatu hakuifikisha chini, nikamwita arudi.